Tafakari ya Juma: Mto wa Kusahau Hauko Mlangoni



Mara nyingi tumealikwa kuketi katika vikao vya ukoo, hasa baada ya kuanua matanga, ambapo mambo ya mirathi na magomvi ya miaka mingi huletwa mbele ya wazee. Karibu kila kikao hufika mahali ambapo mzee mmoja, mwenye nia njema, husimama na kusema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wote huitikia, chai huletwa, na kikao hufungwa kwa sala. Nasi tuliokaribishwa kuifunga sala hiyo humtazama yule aliyedhulumiwa, pengine mjane, pengine mdogo wa marehemu, na kuona kwamba yeye peke yake hakuitikia.

Hatuna ugomvi na methali hiyo. Imezima moto katika nyumba nyingi. Ila tunadhani imezoea kusemwa kabla ya wakati wake, na juma hili tungependa kulieleza hilo kwa msaada wa mwalimu asiyezoeleka katika tafakari zetu: mshairi Dante Alighieri wa Firenze, na mito aliyoichora katika safari yake ng'ambo ya kifo.

Wengi wetu tumelisikia jina hilo kwa mbali tu. Dante alizaliwa mwaka 1265, akahukumiwa uhamishoni mwaka 1302 kwa sababu za siasa za mji wake, na hakurudi tena nyumbani. Alifia Ravenna mwaka 1321. Akiwa uhamishoni alitunga shairi refu la masimulizi, ambalo sisi tungeliweka karibu na tenzi zetu, lenye nyimbo 100 katika sehemu tatu: Jehanamu, Toharani na Paradiso. Yeye aliliita Commedia. Waliokuja baadaye ndio walioliongezea sifa ya kuwa la Kimungu. Humo anajisimulia mwenyewe akipita katika ulimwengu wa wafu, akianza siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1300, akiongozwa kwanza na Virgil, mshairi Mrumi aliyekufa kabla ya Kristo kuzaliwa. Kanisa halijalifanya shairi hili kuwa fundisho la imani, wala sisi hatulisomi kama ramani ya mbinguni. Hata hivyo Papa Benedikto XV mwaka 1921, Papa Paulo VI mwaka 1965 na Papa Fransisko mwaka 2021 walitoa nyaraka rasmi za kumtukuza mtunzi wake, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyethubutu kuwaweka mapapa motoni.

Majina ya mito yake mingi hakuyabuni. Aliyarithi kutoka kwa Wagiriki kupitia kwa Virgil huyo huyo, ambaye katika kitabu cha sita cha utenzi wake uitwao Aeneis alisimulia safari ya shujaa Aeneas kuzimu. Katika kuzimu ya Virgil upo mto Lethe, mto wa kusahau. Roho hunywa maji yake ili zisahau maisha ya kwanza na kukubali kurudi duniani kuzaliwa upya. Hakuna anayeulizwa lolote. Hunywa, husahau, huanza tena. Tukisema kweli, kusahau kwa namna hiyo ndiko tunakokutamani wengi wetu, hata sisi tunaopiga magoti kila Kwaresima.

Dante aliuchukua mto huo na kuuhamisha. Aliung'oa kuzimu akaupandisha hadi kilele cha mlima wa toharani, katika bustani ya Edeni. Anapokuwa bado motoni anamwuliza kiongozi wake: Lethe uko wapi? Virgil anamjibu kwamba atauona, lakini si humu. Atauona kule roho zinakokwenda kujiosha baada ya hatia iliyotubiwa kuondolewa. Mwanafunzi amezoea kitabu cha mwalimu wake, anautafuta mto pale alipousoma, naye mwalimu mwenyewe anamwambia kwamba haupo tena hapo. Tunaona kwamba kuhamishwa huko kwa mto mmoja kunabeba theolojia nzima ya kitubio.

Katika Jehanamu yake mito ipo, tena mingi, ila hakuna hata mmoja unaoosha. Wa kwanza ni Acheron, ambako mvushaji Charon, mzee mwenye macho ya moto, huzipakia roho katika mashua yake na kuzipiga kasia zile zinazochelewa. Linalotushangaza kila tusomapo ni kwamba roho hizo zinataka kuvuka. Virgil anaeleza kuwa haki ya Mungu inazichochea hata hofu yao inageuka kuwa hamu. Wa pili ni Styx, nao ni kinamasi cha matope. Wenye hasira hupigana na kung'atana juu yake, na chini yao, wasioonekana, wamezama wale walioifungia hasira moyoni bila kuisema. Kuwapo kwao kunajulikana kwa mapovu tu yanayopanda juu ya maji. Tumeyaona mapovu hayo katika vikao vya ukoo. Mto wa tatu, Phlegethon, ni damu inayochemka, na waliomwaga damu ya wenzao wamesimama ndani yake kwa kina tofauti kadiri ya ukatili wao: watawala madhalimu wamezama hadi kwenye nyusi, wauaji hadi kooni, na kina kinapungua mpaka kufunika nyayo tu.

Maji haya yote yanatoka wapi? Jibu la Dante limo katika wimbo wa 14 wa sehemu ya kwanza. Ndani ya mlima mmoja wa kisiwa cha Krete imesimama sanamu ya mzee mkubwa, mwenye kichwa cha dhahabu, mikono na kifua cha fedha, kiwiliwili cha shaba, miguu ya chuma, isipokuwa unyayo wa kulia, ambao ni wa udongo wa kuchomwa. Msomaji wa Biblia ataitambua mara moja ndoto ya mfalme Nebukadneza katika sura ya 2 ya kitabu cha Danieli. Lakini Dante ameongeza jambo ambalo Danieli hakulisema. Kila sehemu ya sanamu hiyo, ila dhahabu, ina ufa, na katika ufa huo yanadondoka machozi. Machozi yanakusanyika, yanatoboa mwamba, yanashuka chini, nayo ndiyo yanayokuwa Acheron, Styx na Phlegethon, mpaka yanapofika mahali pasipo na mteremko tena.

Tunavyoelewa sisi, mzee huyo ni ubinadamu unaochakaa kutoka kizazi hadi kizazi, na mito ya Jehanamu ni majonzi ya dunia nzima ambayo hayakupelekwa popote. Machozi yalikuwapo, wala hayakuwa machache. Mto mzima umetokana nayo. Watu wamelia kwa hasira, wamelia kwa kupoteza mali, wamelia kwa kushikwa. Kulia peke yake hakumwokoi mtu. Na mwisho wa maji hayo ni Cocytus, ziwa la chini kabisa wanamokaa wasaliti, ambalo si la moto kama tulivyozoea kuhubiri bali la barafu, kwa kuwa Shetani anapopiga mabawa yake upepo unagandisha kila kitu. Waliomo humo hata kulia hawawezi: chozi la kwanza linaganda jichoni na kulizuia la pili lisitoke.

Sasa tuwatazame baba na mwana, kwa maana hapa ndipo shairi linapotugusa sisi mapadre na ninyi waamini kwa pamoja. Baba ni Guido da Montefeltro, jemadari mwerevu aliyeacha vita uzeeni na kuvaa kanzu ya Wafransisko. Kwa mujibu wa shairi, Papa Bonifasi VIII alimwendea kumwomba shauri la hila ili auteke mji wa Palestrina, na alipomwona anasita akamwahidi kumwondolea dhambi kabla hajaitenda. Guido akatoa shauri: ahidi mengi, timiza machache. Alipokufa, Fransisko mtakatifu alikuja kumchukua, lakini malaika mweusi akamzuia kwa hoja ambayo mwanafunzi yeyote wa seminari angeikubali: asiyetubu hawezi kuondolewa dhambi, na mtu hawezi kutubu jambo na kulitaka kwa wakati ule ule. Tukumbuke kwamba Dante alikuwa na kisa chake na papa huyo, ambaye alimlaumu kwa kufukuzwa kwake Firenze. Wanahistoria wanabishana kama mazungumzo hayo yalikuwako kweli. Hoja yenyewe, hata hivyo, ni sahihi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1451, inayapa majuto nafasi ya kwanza katika matendo ya anayeungama.

Mwana ni Buonconte. Aliuawa katika vita vya Campaldino tarehe 11 Juni 1289, na mwili wake haukupatikana kamwe. Dante anaaminika kuwa alipigana katika vita hivyo hivyo, tena katika jeshi la upande wa pili. Miaka kadhaa baadaye, katika wimbo wa 5 wa Toharani, anamkutanisha msomaji na adui huyo wa zamani na kumwacha asimulie kifo chake. Amechomwa kooni, anakimbia kwa miguu huku damu ikitiririka uwandani, mpaka anafika pale mto mdogo Archiano unapoingia katika mto Arno. Hapo macho yanafifia, sauti inakatika, na neno lake la mwisho ni jina la Maria. Anakunja mikono kifuani iwe msalaba, anaanguka. Malaika wa Mungu anamchukua. Shetani anapiga kelele kwamba ananyang'anywa mali yake kwa sababu ya kichozi kimoja tu. Na kwa kuwa roho imemponyoka, anaumalizia hasira mwili. Analeta mvua, mito inafurika, Archiano unausukuma mwili uliokwisha kupoa hadi ndani ya Arno, unaufungua ule msalaba wa mikono, unaubiringisha mwili na kuufunika kwa mchanga wake.

Baba alikuwa na ondoleo la dhambi kutoka kinywani mwa papa, alikuwa na kanzu ya utawa, akapotea. Mwana hakuwa na padre, hakuwa na mafuta matakatifu, hata kaburi hakupata, akaokoka. Hatusemi hivi ili mtu adharau sakramenti. Majuto kamili yenyewe hudai nia ya kuziendea mtu akipata nafasi. Tunasema ili tuone ni maji gani yana uzito mbele ya Mungu. Mito minne ya machozi ya mzee wa Krete haikumtoa mtu hata mmoja motoni. Kichozi cha Buonconte kilitosha.

Turudi kwenye mto wa kusahau. Mlangoni pa toharani hakuna mto. Kuna ngazi tatu, ya kwanza ya marumaru nyeupe inayong'aa mpaka mtu anajiona ndani yake kama katika kioo, ya pili nyeusi iliyopasuka, ya tatu nyekundu kama damu, na wafafanuzi wa tangu zamani wamezisoma kuwa ni sehemu za kitubio. Juu yake ameketi malaika mwenye upanga. Baada ya mlango kuna matuta saba ya kupanda, moja kwa kila kilema kikuu. Msafiri anayapanda yote. Anapofika kileleni na kuuona mto mwembamba, safi kuliko maji yoyote ya duniani, mtu angetarajia aruhusiwe sasa kunywa na kupumzika.

Haruhusiwi. Ng'ambo ya kijito amesimama Beatrice, mwanamke aliyempenda tangu utotoni, aliyefariki mwaka 1290, naye anamwita kwa jina. Hamkaribishi. Anamhesabia makosa yake mbele ya malaika. Malaika wanamwonea huruma, wanaimba zaburi ya matumaini, na barafu iliyokuwa imeuzunguka moyo wake inayeyuka kama theluji ya milimani, inatoka kwa pumzi na kwa machozi. Barafu ya Cocytus iligandishwa na upepo wa mabawa ya Shetani. Hii inayeyushwa na wimbo wa malaika. Lakini Beatrice hatosheki na machozi tu. Anasema kwamba amri kuu ya Mungu ingevunjwa kama mtu angeuvuka Lethe bila kulipa chochote cha majuto. Kisha anamtaka aseme kwa kinywa chake: je, haya ni kweli? Sauti inamshinda. Ile 'ndiyo' anayoitoa ni dhaifu kiasi kwamba ilihitaji macho kuitambua midomoni. Ndipo anapolia wazi na kueleza, kwa maneno machache, jinsi alivyopotoka.

Mto uko katikati yao muda wote huo. Kukiri kunafanyika ukingo wa huku. Baadaye tu, Matelda, mwanamke anayeichunga bustani hiyo, anamvuta ndani ya maji hadi kooni, na karibu na ukingo wa heri unasikika wimbo wa Asperges me, ambao wengi wenu mnaujua kwa kunyunyiziwa maji ya baraka Dominika. Anazamishwa kichwa, anakunywa, na kumbukumbu ya dhambi inamtoka. Hata baadaye anapomwambia Beatrice kwamba hakumbuki kumwacha kamwe, yeye anatabasamu na kumjibu kwamba kusahau huko kwenyewe ni ushahidi, kama moshi unavyoonyesha moto: asingesahau kama pasingekuwa na kosa.

Hapa tunamjibu yule mzee wa kikao kwa heshima zote. Baba yetu, methali yako ni ya kweli, lakini ni methali ya kileleni, nawe umeisema mlangoni. Yaliyopita huacha kuwa ndwele yanapotibiwa. Aliyelichukua shamba la mjane hajaulizwa kama ni kweli alilichukua, hajasema 'ndiyo' hata ile ya midomo tu, na shamba lingali mkononi mwake. Katekisimu hiyo hiyo, namba 1459, inafundisha kwamba ondoleo huifuta dhambi lakini haliponyi vurugu zote ilizozileta, na kwamba anayeungama anapaswa kufanya awezalo kuurekebisha uharibifu, kwa mfano kurudisha vilivyoibwa. Kumtaka aliyeumizwa asahau kabla ya hayo ni kumpeleka kwenye Lethe ya Virgil, ambako hakuna anayeulizwa lolote.

Mwingine atatuuliza, na ameshatuuliza mara nyingi: mimi nimeungama, nimerudisha, nimesamehewa, mbona ningali nakumbuka na kuumia? Huyu anahitaji jibu la namna nyingine. Tumwambie kwanza kwamba Lethe ni mto wa mshairi, na kwamba hakuna aliyeahidiwa kusahau akiwa bado duniani. Bwana mfufuka alikuwa na alama za misumari. Petro, katika sura ya 21 ya Injili ya Yohane, aliulizwa mara tatu kando ya moto wa makaa, yeye aliyekana mara tatu akiota moto wa namna hiyo hiyo. Hakusahaulishwa.

Na Dante mwenyewe hakuishia kwenye kusahau. Kutoka katika chemchemi ile ile unabubujika mto wa pili, Eunoe, ambao hauko katika masimulizi ya Wagiriki wala ya Warumi. Aliubuni yeye, akaupa jina la Kigiriki lenye maana ya nia au fikira njema. Anayeunywa hurudishiwa kumbukumbu ya kila jema alilolitenda. Tumekutana na waungamaji wengi wanaokumbuka dhambi za miaka 30 iliyopita kwa tarehe, na ambao wakiulizwa jema moja walilotenda juma hili hunyamaza. Dante anatoka katika maji hayo akiwa kama mche mpya uliochipua majani mapya. Na katika Paradiso, roho ya Folco wa Marseille inamweleza kwamba huko juu hawatubu tena, bali hutabasamu. Si kwa sababu ya kosa, ambalo halirudi akilini, bali kwa sababu ya uweza wa Mungu uliolipangia mambo njia nzuri kuliko hilo.

Upo mto mmoja zaidi, karibu na mwisho wa yote, mto wa nuru utiririkao kati ya kingo zilizopambwa maua, ambao Dante anaunywa kwa macho. Msomaji wa sura ya 22 ya Ufunuo atajua ulikotoka. Hatutaueleza, ufungueni wimbo wa 30 wa Paradiso wenyewe, kama mtapata tafsiri.

Lakini tulimwacha Buonconte njiani, na kwa kuwa kila Novemba tunaletewa bahasha zenye majina ya marehemu, inafaa kusema alichomwambia Dante. Hakuulizia mwili wake, wala mahali mto ulipouzika. Alikuwa akitembea ameinamisha uso kwa jambo moja tu: kwamba mkewe Giovanna na wengine wa nyumbani hawamjali, wala hakuna anayemwombea.